Darubini ya shule na ya wananchi hapa Mtwara: tuagize kwa kampuni kubwa au stendi tujitengenezee wenyewe?

Madam_Mikindani

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mawazo kabla sijaingia mkenge. Mi nafundisha fizikia sekondari huku Mikindani, sasa wanafunzi wetu wa zamani wamechangishana hela baada ya minada ya korosho, wengine wakulima Tandahimba na Newala, wengine wako Dar na shughuli zao, wakanipigia wakasema madam hela hii isiishie kwenye chokaa ya ukuta, tafuta kitu ambacho mtoto akikigusa leo atakisimulia mpaka kwa wajukuu. Nikawajibu palepale, darubini. Hela yenyewe ni milioni tatu na ushee.

Ninachotaka ni chombo kimoja kifanye kazi mbili. Siku za shule kiwe cha wanafunzi, tupime vitu kwelikweli na kuandika matokeo, sio kuchungulia tu. Halafu Jumamosi moja moja tukitoe nje, wazazi, wavuvi, mama zetu wa samaki, bodaboda, kila mtu apange foleni atazame. Anga la huku tunalo la bure kabisa, umeme ukikatika Mikindani ule mkanda mweupe wa nyota unautazama umetanda toka baharini mpaka juu ya minazi, na watoto wanakua chini yake bila mtu wa kuwaambia kile ni nini. Hilo linaniuma.

Nimepitapita mtandaoni nimekuta kampuni za Marekani kama PlaneWave na DFM, wanajenga darubini za wanaastronomia wenyewe na pia za vyuo na vituo vya kutazamia wananchi. Nikapenda sana wazo lao. Upande wa pili kuna vile vya madukani Kariakoo vimeandikwa kwenye boksi "inakuza mara 675", bei laki mbili na kitu. Sasa naomba kujua, kwa hizo kampuni kubwa mtu wa shule ana pa kuingilia? Hiyo mara 675 ni ya kweli? Na hewa yetu ya chumvi kioo kitastahimili? Nina binti mmoja fomu tuu anatumia kitimwendo, anapenda sayansi balaa, nataka na yeye atazame kama wenzake, sio abebwe juujuu.

---

Kilimia_Lindi

Madam hongera na hao vijana wako Mungu awazidishie, ni nadra mtu atoke kwenye mnada wa korosho akumbuke nyota. Nitaandika kirefu kidogo univumilie.

Naanza na mara 675 ili tuiondoe mezani. Kukuza ni hesabu ya kugawanya tu, unachukua urefu wa fokasi ya kioo kikubwa, yaani umbali toka kwenye kioo mpaka pale mwanga unapokutana, unagawa kwa fokasi ya lenzi ya jicho. Kioo cha fokasi ya milimita 1200 ukiweka lenzi ya 25 unapata mara 48, ukiweka ya 10 unapata mara 120. Zile za boksi fokasi yake milimita 900, wanakupa kilenzi cha milimita 4, hapo mara 225, halafu wanakuwekea na lenzi ya kuzidisha mara tatu, ndo 675 hiyo. Hesabu haina kosa ila taswira inakuwa giza na ukungu mtupu, huoni kitu. Kipimo wanachokwenda nacho watazamaji ni mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo hewa ikiwa imetulia kabisa, kwa hiyo kioo cha milimita 114 mwisho wake kama 230 hivi, na usiku mwingi hufiki hata huko. Kwa hiyo ukienda dukani uliza kipenyo kwanza. Kipenyo ndo kinachokusanya mwanga na mwanga unakwenda kwa mraba wa kipenyo, kioo cha milimita 200 kinakusanya mara 8 ya lenzi ya milimita 70, na ukilinganisha na mboni ya jicho iliyofunguka vizuri gizani, milimita 7, ni zaidi ya mara 800.

Sasa hizo kampuni. PlaneWave walianza 2006, waanzilishi walitokea Celestron, kampuni nyingine ya darubini, sasa hivi wako Adrian huko Michigan. Wana darubini kuanzia kipenyo cha inchi kumi na kitu mpaka mita 1 nzima. Ile yao ya mita 0.7, CDK700, ndo inayogusa swali lako moja kwa moja. Ndani kuna kioo cha tatu kinachogeuka, mwanga kinautoa pembeni kwenye mhimili ule ule ambao darubini inainukia na kuinamia, upande mmoja unafunga kamera ya utafiti, upande wa pili lenzi ya jicho. Kwa kuwa tundu liko kwenye mhimili, darubini itazame utosini au itazame upeo wa macho, jicho lako linabaki kimo kile kile, hakuna ngazi, hakuna kuinama. Darubini nne za aina hiyo zilifungwa Mount Hopkins, Arizona, kwenye mradi wa MINERVA wa kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine. Yaani chombo cha mtafiti na cha mtu wa kawaida kweli vinaweza kuwa kimoja. DFM wao ni wakongwe zaidi, 1979, Longmont, Colorado, na wana mkono wa kukunjakunja wenye lenzi ndani unaoleta taswira mpaka pale alipo mtazamaji, mtu wa kitimwendo anatazama amekaa pale pale. Hao watu wamemfikiria binti yako kabla hata hujaandika.

Ila bei ya CDK700 kwa hela yetu ni mamia ya milioni, bado nyumba yake inayofunguka paa, bado umeme wa uhakika, bado fundi wa kuifuata ikigoma. Kwa milioni tatu huingii hapo, na hata ungepewa bure ningekuuliza nani ataitunza Mikindani mwaka wa tano.

Tena kampuni zenyewe zinakuja na kuondoka. Pale Sutherland Afrika Kusini ipo darubini ya mita 1.9 iliyotengenezwa na Grubb Parsons wa Newcastle, Uingereza, ilianza kazi Pretoria mwaka 1948, miaka ya 1970 wakaihamishia Sutherland kukwepa taa za mji. Grubb Parsons walifunga 1985. Darubini ipo mpaka leo kwa sababu pale kuna karakana na mafundi wanaoielewa kila nati. Na kwa upande wa darubini za watu wa kawaida, Meade walioanza 1972 wamefunga 2024, sasa wewe uwe na stendi yao ya kompyuta iliyokufa bodi uko Mikindani, unafanyaje?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Nunua kioo kizuri kutoka kiwandani, milimita 200 fokasi 1200, ile aina ya Dobsoni, mrija umekaa kwenye boksi la mbao linalozunguka. Haina mota, haina kompyuta, unaisukuma kwa mkono. Kule nje ni kati ya dola 500 na 800 kabla ya usafiri. Usafiri ndo wa kuuliza mapema maana boksi lake ni refu na wa meli wanachaji kwa CBM, yaani kwa ujazo wa boksi kwa mita za ujazo.

Na kuna sababu nyingine ya kwetu hasa. Stendi zile za ikweta zenye mhimili wa kulala, zinataka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga ya kusini, pale ambapo nyota zinaonekana kupazunguka usiku kucha. Mtwara tuko nyuzi 10 kusini, maana yake ncha iko nyuzi 10 tu juu ya upeo, imelala kabisa, na stendi nyingi zinazouzwa haziwezi kuinama mpaka hapo, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Nyota ya Kaskazini ndo kabisa huku haionekani. Dobsoni haina habari na ncha, unaiweka chini unatazama.

---

Fundi_Newala

Madam mi ni seremala, habari ya nyota namwachia Kilimia ila hapo kwenye boksi la mbao nimesikia na moyo wangu umeruka.

Yule mzee aliyeanzisha hayo maboksi, John Dobson, alikuwa mtawa San Francisco, kioo chake cha kwanza alikisaga kutoka kwenye kioo kinene cha dirisha la meli, mbao zake za kuokoteza, mwaka 1968 yeye na vijana wakaanzisha kikundi cha kutazamisha watu nyota barabarani bure. Nilimsoma zamani sikumsahau maana ile ni kazi ya ufundi wetu kabisa.

Sasa sikiliza, hizo zinazokuja kiwandani boksi lake ni chipubodi imefunikwa karatasi ya plastiki. Huku pwani chipubodi haina maisha. Unyevu unaingia pale kwenye skrubu, inavimba, karatasi inabanduka, skrubu zinaanza kuzunguka bure, msimu mmoja wa mvua unatosha. Mimi ningesema hivi, lile boksi la kiwandani lilichukulie kama kipimo tu. Nalifungua, nachukua vipimo vyote, nakata upya kwa marine bodi ya milimita 18, kingo zote napiga vanishi mara tatu hasa kwenye mikato maana maji yanaingilia hapo sio kwenye uso wa ubao. Skrubu za chuma cha pua, sio hizi nyeusi za kawaida zinaoza.

Pale inapozunguka wanaweka vipande vya tefloni juu ya fomaika. Tefloni ukiikosa, ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama kata vipande vitatu vya sentimita tatu kwa tatu, vinakwenda vizuri. Vitatu, sio vinne, vinne kimoja kitakuwa hewani daima. Ukisukuma kwa kidole inatakiwa ianze kwenda taratibu na ukiacha isimame hapo hapo, isirudi nyuma. Hiyo ndo ngoma yenyewe, ikiruka au ikisita mtazamaji anapoteza sayari.

Na kuhusu yule binti nipe kimo cha macho yake akiwa amekaa. Boksi naweza kulipandisha au kulishusha, kazi ya nusu siku.

---

Bahari_Msimbati

Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu mzima wa Msimbati, nimevua tangu utoto. Sisi nyota tumeishi nazo, wazee wetu walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mpaka leo kuna mtu anapanda shamba kwa kukiangalia. Bamvua na maji mafu tunayajua kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mchanga maji yanajaa sana na kukupwa sana, nusu mwezi maji yamelala. Kwa hiyo msituletee hicho chombo kama kwamba tunaanza moja, tuleteeni kama watu wenye kujua upande wetu tuongezewe upande mwingine. Nikifika hapo foleni nitawaeleza watoto habari ya bamvua nanyi mnieleze kwa nini.

Naomba kuuliza, mwezi mwandamo unaweza kutafutwa na chombo hicho? Maana kila mwaka kukikaribia mfungo huku pwani tunasimama ufukweni tunautafuta, mawingu kidogo tu mambo yanakuwa magumu.

---

Kilimia_Lindi

Shikamoo mzee wangu wa Msimbati, na hilo la kuongezewa upande mwingine nimelipokea kwa mikono miwili, naona madam akuweke kwenye ratiba kabisa uongee dakika kumi kabla watu hawajaanza kutazama.

Mwandamo unaonekana kwa darubini ndio, mapema kuliko kwa macho matupu, kwa sababu darubini inaleta utofauti kati ya kile kiuzi chembamba na weupe wa anga la magharibi. Habari ya kukubalika au kutokubalika kwa kuonekana kwa chombo hiyo ni ya masheikh. Ila naomba kila mtu alisome hili mara mbili. Mwandamo uko karibu na jua. Usielekeze darubini huko mpaka jua liwe limezama lote, hata ukingo usibaki. Jua likipita kwenye kioo cha milimita 200 kwa sekunde moja tu jicho limekwenda na hutasikia hata maumivu ya kukuonya. Na mchana darubini ikae imefunikwa, isiachwe uwanjani watoto wakiwa mapumziko. Watu wengi walijifunza kuheshimu jua tarehe 1 Septemba 2016, lile tukio la kupatwa kwa jua kwa pete lililopita kusini kwetu na watu wakajazana Rujewa kule Mbeya, wakatumia miwani maalumu. Ukitaka kutazama jua kwa darubini, kichujio maalumu kinafungwa mbele ya mrija, mbele, sio kile kidogo cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kile kinapasuka kwa joto.

Na kilimia chenyewe mzee utashangaa, kwenye darubini kubwa hakienei. Kimetanuka kuliko nafasi unayoipata kwa mara 48, unaona vipande tu. Kinapendeza zaidi kwenye ile darubini ndogo ya kulengea iliyofungwa ubavuni. Nakwambia mapema ili usije ukadhani chombo kina hitilafu.

---

Nachi_Dijitali

Wakuu samahani naomba nitie neno tofauti, sio kubishana. Hizi Dobsoni ni nzuri lakini kuna darubini mpya za simu, mfano Seestar S50 ya ZWO wa China iliyotoka 2023, kipenyo chake milimita 50 tu ila inatafuta yenyewe, inapiga picha mfululizo inazipandanisha, baada ya dakika kadhaa nebula, yaani wingu la gesi la huko angani, imejaa rangi kwenye simu. Haihitaji ncha ya kusini wala nini. Bei inakaribiana. Ukiwa na watu mia mbili ufukweni, foleni ya tundu moja itachukua usiku mzima, hii unaunganisha projekta wote wanaona kwa pamoja. Na binti wa kitimwendo tatizo lake limeisha, simu anaishika mkononi. Kwa nini tung'ang'anie mbao?

---

Kilimia_Lindi

Mkuu wa Nachingwea hoja yako ni nzito na siipuuzi. Kwenye nebula na galaksi hiyo S50 inashinda jicho, hilo halina mjadala, jicho gizani haliokoti rangi, ile nebula ya Karina kwenye Dobsoni utaiona ya kijivu wakati kwenye simu ni nyekundu. Na kwa wanafunzi picha inabaki kama ushahidi, inapimika.

Lakini sayari kwa milimita 50 zenye fokasi fupi vile zinakuwa vinukta. Na huku kwetu mtu anayesimama foleni mara ya kwanza unamwonyesha nini? Mwezi, Mshtarii, Zohali. Nimewahi kumsogezea Zohali, ile sayari yenye pete, mama mmoja wa sokoni Lindi, akaondoa jicho, akazunguka mbele ya mrija akaangalia kama kuna picha imebandikwa, akarudi akatazama tena kimya, halafu akaenda kumwita mwanae. Ile ni nuru iliyotoka kule ikaingia jichoni mwake yeye. Kwenye simu angesema nimeshaona hizi kwenye video.

Kwa hiyo nasema Dobsoni kwanza, hela ikipatikana mwakani S50 ifuate. Zikikaa pamoja foleni inagawanyika na kila mmoja anapata.

Nirudi kwenye swali la chumvi maana madam aliliuliza na hakuna aliyejibu. Kioo kimepakwa aluminiamu nyembamba ajabu, kama nanomita 100, juu yake kinga nyembamba ya oksidi ya silikoni. Chumvi na unyevu vinaila taratibu, inaanza na vidoadoa pembeni. Kupaka upya kunafanyika kwenye chumba cha ombwe, kilichonyonywa hewa yote, sio kazi ya mtaani, kwa hiyo dawa ni kuzuia. Usiitumie ufukweni penyewe mawimbi yanaporusha povu, ipeleke uwanja wa shule au nyuma ya ukuta, hata ule upepo wa kusi utauepuka maana mrija mrefu ukipigwa na kusi taswira inatetemeka, na mchangani miguu inazama. Ukimaliza usifunike kifuniko kioo kikiwa na umande, kiache ndani kikauke kwanza ndo ufunike. Kuvu kwenye lenzi za jicho ndo adui mkubwa huku pwani, anaota kama utando wa buibui na akishakula kioo alama haifutiki. Weka lenzi kwenye kabati dogo lenye balbu ya zamani ile ya waya inayotoa joto, wati 15 inatosha, iwake muda wote. Hizi za LED hazisaidii, hazina joto. Vile vifuko vya silika jeli vya kwenye maboksi ya viatu viweke humo na mara moja moja uvikaushe kwenye moto mdogo.

Vumbi usilifute. Narudia, usifute kioo kwa kitambaa hata kiwe laini vipi. Vumbi kidogo halipunguzi chochote ila mkwaruzo ni wa milele. Kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho, kuanzia Juni pale, ule unga unatembea hewani mbali sana, wakipuliza jirani usiku huo usifungue. Kikichafuka kweli kinatolewa, kinamwagiwa maji mengi, mwisho unasuuza kwa maji yaliyokenekwa ya maabara kwenu, unakisimamisha kikauke chenyewe.

Na kwenye kupima vitu kwelikweli hapo ndo raha ilipo. Miezi minne ya Mshtarii ile aliyoiona Galileo Januari 1610, kila mwanafunzi achore mahali ilipo kila usiku kwa saa ile ile. Io inazunguka kwa saa 42 na nusu, Kalisto siku karibu 17, wataipata wenyewe kwenye daftari bila kuambiwa. Halafu kuna nyota inaitwa l Carinae, hata darubini haihitaji, inang'aa na kufifia kwa siku 35 na nusu, iko kusini, Ulaya hawaioni kabisa. Wanafunzi wakiilinganisha na nyota jirani wakaandika namba, AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga kilichopo tangu 1911, kinapokea vipimo kama hivyo kutoka kwa mtu yeyote duniani na watafiti wanavitumia. Mtoto wa Mikindani kipimo chake kinaingia kwenye hazina ile ile anayochota profesa.

Na ukitaka kuonja darubini kubwa bila kuinunua, Las Cumbres Observatory wana mtandao wa darubini za roboti dunia nzima, nyingine ziko hapo Sutherland, na shule zinapata muda kupitia washirika wao wa elimu, unaomba picha kwa intaneti usiku wake inapigwa inakujia. Hapo ndo mlango wako wa kuingia kwenye vyombo vya kitaalamu madam, sio kununua.

Anga lenyewe limetupendelea. Juni mpaka Septemba kumekauka, kitovu cha ule mkanda mweupe kinapita karibu na utosi. Mei na Juni jioni Omega Centauri iko juu nyuzi 50 na kitu, kwenye milimita 200 ule mpira wa nyota unaanza kupasuka nyota mojamoja mpaka katikati. Novemba kusini unapata 47 Tucanae, mpira mwingine wa nyota, na Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kabla mvua hazijashika, na usiku huo huo ukigeuka kaskazini unaiona galaksi ya Andromeda. Sehemu chache duniani unaona zote hizo umesimama pale pale.

---

Fundi_Newala

Hapo kwenye kimo nimepiga hesabu. Mhimili wa boksi ukiwa sentimita 60 toka chini na tundu la jicho sentimita 70 toka kwenye mhimili, ukitazama kitu cha nyuzi 30 tundu liko kama sentimita 95, cha nyuzi 50 linapanda mpaka 114 hivi. Mtu aliyekaa kwenye kitimwendo macho yake yanacheza humo humo. Kwa hiyo hatuhitaji ule mkono wa Colorado, tunahitaji kuchagua nyota ya kimo chake na mrija tuuzungushe ndani ya pete zake mpaka tundu litazame upande anaokaa. Na chini boksi liwe na miguu mifupi iliyoingia ndani, isitokeze, ili magurudumu yasogee karibu. Nimeshaichora.

---

Nachi_Dijitali

Nimekubali mpango wa Dobsoni kwanza. Madam mkifikia kwenye projekta na S50 mwakani mi nitakuja na ya kwangu, nitoke Nachingwea Ijumaa nilale Mtwara. Nitawafundisha na watoto kupandanisha picha kwenye kompyuta.

---

Madam_Mikindani

Wakuu mmenifungua macho kwelikweli na nimesoma kila mstari. Nimeongea na kamati ya wale vijana leo, wamekubali kioo cha milimita 200 na stendi itengenezwe Newala, na hela itakayobaki inakwenda kwenye lenzi moja nzuri ya jicho ya nyongeza, kichujio cha jua cha mbele ya mrija, na kabati la balbu. Mmoja wao yuko Kariakoo anapakia mizigo ya China, kesho anaulizia CBM ya boksi refu na anataka vipimo kamili, Kilimia naomba unitumie.

Mzee wangu wa Msimbati, nafasi yako ya kuongea ipo na nauli ya bodaboda mpaka Mikindani tutaitoa sisi, nitakupa tarehe darubini ikishafika, nitachagua siku ya nusu mwezi maana nimesoma milima ya mwezi inaonekana vizuri kivuli kikiwa kirefu, na wewe utatueleza kwa nini siku hiyo maji yamelala.

Ile l Carinae tunaianza kabla hata ya darubini, nimeshawapa fomu tuu ramani ya anga waitafute Ijumaa hii saa mbili usiku, nyuma ya bweni ambako hakuna taa. Fundi, binti nimempima leo baada ya vipindi, sakafuni mpaka machoni ni sentimita 108 akiwa amekaa wima kwenye kitimwendo. Amesema nikuulize kama anaweza kuja Newala kuona unavyokata.